Nilichokiita Kelele

Kwa miaka 31 nilifundisha fizikia katika shule za sekondari, na kila nilipofika kwenye mada ya sumaku nilifanya jaribio lile lile. Nilichukua bledi ya msumeno wa kukatia vyuma, nikaisugua kuelekea upande mmoja kwa sumaku niliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu, mpaka bledi yenyewe ikawa sumaku. Nikaisogeza karibu na dira, wanafunzi wakaona ncha moja ya bledi inavuta sindano na ncha nyingine inaisukuma. Kisha nikaivunja katikati. Bledi ya msumeno huvunjika kwa mlio mkali, na wale wa mbele hushtuka.

“Sasa,” nikawauliza, “ncha ya kaskazini iko mkono huu, na ya kusini iko mkono huu, sivyo?”

Darasa zima huitikia ndiyo. Ndipo ninapovirudisha vipande kwenye dira, mmoja mmoja, na kila kipande kinaonyesha kuwa kina ncha zake mbili. Navunja tena. Bado ni ncha mbili. Kisha naandika ubaoni kwamba hakuna sumaku yenye ncha moja, na wanafunzi wananakili.

Mwaka binti yangu alipokuwa Kidato cha Pili, alikuwa katika darasa langu. Siku hiyo alinyoosha mkono. Darasani hakuniita baba. “Mwalimu, na ukivunja mpaka ibaki chembe ya mwisho kabisa?”

“Haiwezekani,” nikamjibu. “Andika hivyo.”

Akaandika. Nasimulia habari hii ndogo kwa sababu miaka miwili baadaye aliniuliza swali jingine, nami nikamjibu kwa namna ile ile, na jibu hilo likatugharimu.

Mdogo wake wa kiume alipata homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka tisa. Aliugua siku sita. Mimi ni mzee wa kanisa. Katika siku hizo sita nyumba yetu haikukosa watu. Jumuiya ilikuja asubuhi na jioni, kwaya ilikuja, Mchungaji alikuja mara mbili hospitalini. Tulifunga na tukaomba. Nikawaambia watoto wangu kwa kinywa changu kwamba Mungu anasikia na kwamba ndugu yao atarudi nyumbani. Siku ya saba tulimzika.

Usiku wa tatu wa matanga, baada ya sala, watu wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka na viti vya kuazima, binti yangu alisimama. Hakupaza sauti. Alisema, “Baba, wewe ulituambia Mungu anasikia. Tuliomba siku sita. Alisikia nini?”

Watu waliinamisha vichwa. Mama mmoja alianza kuimba pambio ili kuziba ule ukimya. Nami nikamwambia binti yangu, mbele ya wote, “Acha kelele. Kaa chini.”

Alikaa. Wageni waliniona baba imara, na mmoja wa wazee wenzangu alinipongeza siku iliyofuata kwa jinsi nilivyosimama katika imani. Ukweli ni kwamba swali lile lilikuwa langu pia. Nilikuwa nimelibeba tangu hospitalini na sikuthubutu kulitamka. Nilimnyamazisha mwanangu kwa sababu nilikuwa nikijinyamazisha mwenyewe.

Kwa miaka kumi na mmoja hakuniuliza tena jambo lolote la Mungu. Alisoma, akawa fundi wa vifaa vya umeme vya hospitali, akahamia mji mwingine. Alinipigia simu kila Jumapili mchana. “Shikamoo baba.” “Marahaba mwanangu, umeamkaje?” Tukaongea habari za kazi, za mvua, za mguu wa mama yake. Nikimuuliza kama alikwenda ibadani alijibu, “Nilikuwa zamu, baba,” nami nilijua kuwa hata asipokuwa zamu hawezi kwenda. Nilimwombea. Lakini niliomba arudi kwa namna ambayo isingenilazimu mimi kurudi kwenye usiku ule.

Kisha siku moja, nikiwa nimeshastaafu, alinitumia ujumbe kwenye simu. Ulikuwa na makala ya sayansi na maneno machache: “Baba, soma hii. Ulituambia haiwezekani.”

Ilikuwa habari ya sumaku za ncha moja. Nilicheka kwanza. Halafu nikavaa miwani nikasoma, na nikaendelea kusoma juu ya jambo hilo kwa wiki kadhaa, kila nilipopata nafasi. Naomba msomaji univumilie nieleze nilichokipata, kwa sababu bila hicho hutaelewa kwa nini nilimpigia simu binti yangu siku ambayo haikuwa Jumapili.

Swali lake la Kidato cha Pili ni la zamani sana. Mwaka 1269 Mfaransa aitwaye Petrus Peregrinus, akiwa na jeshi lililouzingira mji wa Lucera huko Italia, aliandika barua ndefu kuhusu sumaku. Alieleza kuwa ina ncha mbili, na kwamba ukiikata unapata sumaku mbili kamili. Ndicho nilichofanya mimi na bledi yangu, zaidi ya miaka 700 baadaye. Lakini mwaka 1931 mwanafizikia Mwingereza Paul Dirac alionyesha kwa hesabu kwamba chembe yenye ncha moja haikatazwi na kanuni za maumbile. Tena, kama ingekuwepo hata moja tu ulimwenguni, ingeeleza kwa nini chaji ya umeme huja kwa vipimo kamili na haiji kwa vipande vipande. Wataalamu huita chembe hiyo monopoli. Wameitafuta tangu wakati huo. Tarehe 14 Februari 1982, chombo cha Blas Cabrera katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilirekodi mruko mmoja wa ukubwa ule ule uliotarajiwa kama monopoli ingepita ndani yake. Walisubiri mruko wa pili. Haukuja.

Kwa hiyo chembe ya Dirac bado haijapatikana. Kilichopatikana ni kitu kingine, na ni cha ajabu kwa namna yake. Kimepatikana ndani ya fuwele fulani zinazoitwa barafu ya spini.

Jina hilo limetokana na barafu ya kawaida, ile ya kwenye friji. Ndani ya barafu kila atomi ya oksijeni imezungukwa na atomi nne za haidrojeni, mbili zikiwa karibu nayo na mbili zikiwa mbali. Hiyo ndiyo kanuni yake. Mwaka 1935 Mmarekani Linus Pauling aligundua kwamba kanuni hiyo inaweza kutimizwa kwa njia nyingi mno, na kwa hiyo barafu, hata uipooze kiasi gani, haipati mpango mmoja wa kutulia ndani yake. Inatii kanuni, lakini haina sura moja tu ya utii.

Mwaka 1997 Waingereza wawili, Steven Bramwell na Mark Harris, pamoja na wenzao, walikuta tabia hiyo hiyo katika fuwele ya sumaku iliyotengenezwa kwa holmiamu, titaniamu na oksijeni. Baadaye ilionekana pia katika fuwele ya disprosiamu. Humo atomi za sumaku zimekaa kwenye pembe za vipiramidi vidogo, kila kipiramidi na pembe nne. Kila atomi ni kama sindano ya dira inayoweza kuelekea pande mbili tu: ndani ya kipiramidi au nje yake. Sindano nne zinaweza kupangwa kwa njia 16. Zinazopendelewa na maumbile ni 6 tu, zile ambazo sindano mbili zinaelekea ndani na mbili nje. Na kila sindano ni ya vipiramidi viwili vinavyogusana, hivyo ikiwa ndani kwa huyu, ni nje kwa jirani yake.

Sasa fikiria sindano moja igeuke. Kipiramidi kimoja kinakuwa na tatu ndani na moja nje. Jirani yake anakuwa na moja ndani na tatu nje. Huku kuna ziada, kule kuna upungufu. Kisha sindano nyingine ya pembeni igeuke: kipiramidi cha kwanza kinapona, na ile ziada inahamia kwa kipiramidi kinachofuata. Ziada na upungufu vinaweza kuachana na kwenda mbali, kila kimoja na njia yake. Mwaka 2008 Claudio Castelnovo, Roderich Moessner na Shivaji Sondhi walionyesha kwamba ziada hiyo inafanana kabisa na ncha moja ya sumaku iliyo peke yake, na kwamba ziada na upungufu vinavutana kama chaji mbili za umeme zinavyovutana.

Nilitafuta mfano wa kujieleza mwenyewe, nikaupata kanisani. Benchi la watu kumi lina nafasi moja wazi kule mwisho wa ukuta. Mtu anasogea, jirani yake anasogea, na ile nafasi wazi inatembea mpaka mlangoni, ambapo aliyechelewa anaketi. Hakuna mtu aliyeibeba nafasi ile. Kila mmoja alisogea hatua moja tu. Lakini nafasi imesafiri benchi zima, na ukiwa nyuma ya kanisa unaweza kuifuata kwa macho. Monopoli ya barafu ya spini iko hivyo. Hakuna sindano hata moja iliyopoteza ncha yake. Kila moja bado ina mbili, kama nilivyofundisha. Ncha ya peke yake ni jambo linalozaliwa kati ya wengi.

Basi nilikuwa sahihi ubaoni, na binti yangu naye alikuwa sahihi kuuliza. Kama ningemwambia siku ile, “Mwanangu, kwa bledi hii haiwezekani, ila swali lako ni zuri na wapo wakubwa waliolihangaikia,” nisingepoteza kitu.

Hata hivyo si hapo nilipokamatwa. Nilikamatwa na neno moja katika makala aliyonitumia, nalo ni kelele.

Wanafizikia hulitumia neno hilo kwa maana yao. Ukipima kitu chochote kwa makini, kipimo hakitulii. Hupanda na kushuka kidogo kidogo bila mpangilio unaoonekana. Huko kupanda na kushuka ndiko kelele. Maisha yangu yote ya kazi niliwafundisha wanafunzi kuiondoa. Pima mara tano, tafuta wastani, kelele itajifuta, kitakachobaki ndicho kweli. Wengi wetu tuliosikiliza redio ya betri usiku tunaijua: mikwaruzo ndiyo unayoikwepa ili umsikie mtangazaji.

Mwaka 2019 Ritika Dusad, Séamus Davis, Stephen Blundell na wenzao, wa vyuo vikuu vya Cornell na Oxford, walichapisha jaribio lililokwenda kinyume na kanuni yangu. Walichukua kipande cha fuwele ya disprosiamu, wakakipooza mpaka kati ya nyuzi 272 na 269 chini ya sifuri ya Selsiasi, wakakiweka ndani ya koili iliyounganishwa na kipimo cha sumaku chenye wepesi mkubwa sana wa kuhisi. Hawakuivuta fuwele kwa sumaku ya nje. Waliiacha ilivyo, wakasikiliza.

Walichosikia kilikuwa kelele, na kelele hiyo ndiyo waliyoitafuta. Monopoli huzaliwa mbili mbili, zikatembea, zikakutana, zikafutana. Kila zinapozaliwa na kufutika, sumaku inayotoka kwenye fuwele inabadilika kidogo mno, na jumla ya mabadiliko hayo ni mvumo usiokatika. Ukiuchunguza unakuta una umbo. Unakuambia monopoli huchukua muda gani kuzaliwa na kufa, na kwamba fuwele ikizidi kupoa mambo huenda polepole zaidi. Kama watafiti wangechukua wastani na kuitupa kelele, kama nilivyozoea, wangebaki na sifuri, wakasema fuwele imetulia na ndani yake hakuna jambo. Tena mvumo huo uko chini ya mitetemo 20,000 kwa sekunde, yaani ndani ya mipaka ya sikio la mwanadamu. Ukikuzwa unaweza kusikika.

Nilipofika hapo nilivua miwani. Mke wangu aliniuliza kama macho yananiuma. Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimesikia tena sauti yangu mwenyewe usiku wa matanga: acha kelele.

Nilifungua Biblia, na safari hii sikufungua mahali nilipozoea. Nilikwenda Marko sura ya 10, kwa Bartimayo kipofu kando ya njia ya Yeriko. Nimehubiri habari yake mara nyingi katika jumuiya, na kila mara nilihubiri juu ya imani yake. Sikuwahi kukaa na ule umati uliomkemea anyamaze. Walikuwa nani hao? Walikuwa watu waliokuwa wakitembea na Yesu. Walidhani wanamlinda Bwana na usumbufu. Na Bartimayo alipozidi kupaza sauti, Bwana alisimama. Kile ambacho umati ulikihesabu kuwa kelele ndicho alichokisimamia.

Nikaenda kwa Hana, 1 Samweli sura ya kwanza. Mwanamke mwenye uchungu anaomba hekaluni, midomo inatikisika na sauti haitoki, na kuhani Eli anamwona mlevi. Eli alikuwa mtumishi mzoefu. Alikaa kwenye kiti chake penye mwimo wa mlango wa hekalu, alijua maombi ya kawaida yanasikikaje, na hili halikufanana na hayo. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Eli, kwa sababu Hana alipojieleza, yeye alibadili neno lake akambariki palepale. Mimi ilinichukua miaka kumi na mmoja.

Kisha nikapitia Zaburi. Kwa miaka mingi msibani nilichagua zile za kutuliza. Nilikuwa naruka zile zinazomuuliza Mungu mpaka lini, na mbona amejificha. Ni nyingi. Walioviweka pamoja vitabu vitakatifu hawakuzifuta ili kubaki na wastani mzuri wa sifa. Waliziacha, tena ziimbwe na watu wote. Kama swali la binti yangu ni kelele, basi Zaburi imejaa kelele.

Kuna sehemu nyingine ya habari hii ya sayansi ambayo naiandika kwa waliofiwa. Kelele ya 2019 ilikuwa na tatizo. Mahesabu ya kawaida yalisema kelele inapaswa kupungua kwa kasi fulani kadiri mitetemo inavyokuwa ya haraka, na vipimo vilionyesha inapungua taratibu kuliko hivyo. Mwaka 2022 Jonathan Hallén, Santiago Grigera, Alan Tennant, Castelnovo na Moessner walitoa maelezo. Wote tulidhani monopoli inaweza kutembea kwenda popote kanuni inaporuhusu. Kumbe sindano zilizo jirani huamua kama hatua fulani itakuwa nyepesi au nzito. Kwa hiyo monopoli inajikuta katika njia zenye matawi mengi na ncha nyingi zisizotokea popote, kama mti. Inaenda, inagonga mwisho, inarudi ilikotoka, inajaribu tawi jingine, inarudi tena. Fuwele yenyewe ni safi, haina ufa wala uchafu. Ukiitazama ikiwa imesimama huoni njia hizo wala huoni kilichofungwa. Zinajulikana tu kwa kufuatilia mwendo.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mke wangu mwaka ule wa kwanza. Alikuwa akienda mpaka kwenye kitanda cha mtoto, anarudi jikoni, anarudi kitandani. Watu wema walimwambia, “Mama, songa mbele, maisha yanaendelea.” Walimwona akiwa huru kwenda popote. Hawakuona ni njia ngapi zilikuwa zimefungwa kwake: njia ya sokoni iliyopita mbele ya shule ya mtoto, wimbo wa Jumapili aliokuwa akiuimba naye, shati lililokuwa bado kwenye kamba. Na nilimwelewa binti yangu pia. Nilikuwa nikisema moyoni, amekaidi, kwa nini asirudi kanisani, mlango uko wazi. Mlango ulikuwa wazi kwa macho yangu. Jirani yake wa karibu kabisa katika imani, yaani mimi, ndiye niliyeifanya hatua ile kuwa nzito.

Sitaki msomaji achukue hapa zaidi ya ninachosema. Fuwele ya disprosiamu haimthibitishi Mungu wala haimkanushi. Monopoli haina huzuni, haina roho, na haijui inakokwenda. Nimeona wahubiri wakichukua kipande cha sayansi na kukipa kazi kisichoweza kuifanya, na wanafunzi wangu wenye akili wakaondoka kanisani kwa sababu hiyo. Nilifarijika kujua kwamba Mark Harris, yule yule aliyekuwa katika ugunduzi wa barafu ya spini, baadaye alisoma teolojia, akawekwa wakfu kuwa kasisi wa Kianglikana, na akafundisha mambo ya sayansi na dini katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Sikuhitaji aniambie kwamba fuwele inahubiri. Ilinitosha kujua kuwa mtu mmoja ameweza kuyaweka yote mawili katika maisha yake bila kulilazimisha moja kunyamaza. Kwangu mimi, fuwele ile ilifanya kazi ya kioo tu. Nilijiona ndani yake nikiwa nimesimama, na kalamu ya mwalimu mkononi, nikifuta kitu ambacho nilipaswa kukisikiliza.

Nilimpigia binti yangu Jumatano jioni. Alipokea kwa hofu, akidhani kuna msiba. “Shikamoo baba, kuna nini?”

“Marahaba mwanangu. Hakuna kitu. Nimeisoma ile makala.”

Akacheka. “Kwa hiyo nilikuwa sahihi?”

“Ulikuwa sahihi kuuliza,” nikasema. “Na ule usiku wa matanga pia ulikuwa sahihi kuuliza. Nilikuambia uache kelele. Halikuwa kelele. Nisamehe, mwanangu.”

Simu ilinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha nikasikia anavuta pumzi. Akasema, “Baba, sikujua kama unakumbuka.”

Mwezi Desemba alikuja nyumbani. Tulikwenda kaburini sisi wawili, na jembe, tukapalilia. Tulipomaliza tulikaa kwenye ukingo wa saruji, naye akaniuliza tena swali lile lile, kwa maneno yale yale. Alisikia nini? Safari hii nilimjibu kwamba sijui. Nilimwambia kwamba nami nimeuliza hivyo kila mwaka, kwa siri, na kwamba naamini tulisikiwa ingawa sielewi jibu tulilopewa, na siku nyingine hata huko kuamini kunanishinda, nikabebwa na imani ya mama yake. Hakusema amina. Aliniuliza mambo mengine mengi, mengine magumu kuliko hilo. Niliyajibu machache. Tulirudi nyumbani giza likiwa limeingia.

Nisingependa kuumaliza ushuhuda huu kwa kusema kwamba sasa anaimba kwaya. Haimbi kwaya. Alikwenda nasi ibada ya Krismasi, akakaa benchi la nyuma, akatoka kabla ya matangazo. Lakini simu za Jumapili zimebadilika. Baada ya habari za mvua na za mguu wa mama yake, huwa anasema, “Baba, nina swali,” nami naketi.

Na katika jumuiya yetu nimeomba jambo moja, wazee wenzangu wakalikubali. Tukienda msibani, kabla ya neno la faraja, tunawauliza wafiwa kama wana la kusema au la kuuliza, na atakayeuliza haimbiwi pambio juu ya maneno yake. Tunakaa kimya mpaka amalize. Mara ya kwanza ilikuwa vigumu. Kijana mmoja aliyefiwa na mama yake alisema maneno makali juu ya Mungu, na niliona mikono ya watu ikitafuta vitabu vya nyimbo. Nilinyoosha mkono wangu kuwazuia. Alipomaliza, Mchungaji alimsogelea, akakaa karibu naye kwenye mkeka, na hakuharakisha kusema neno.